Tantini wa Barua: Kochi amekufa, kaye zake ziko kwangu

Barua za wiki hii nimezichota kwenye simu jioni moja umeme umeondoka, na ukizisoma utadhani nilizichagua makusudi, zote zinazunguka chuma. Sikuchagua. Ni vijana wa Goma wameamua kuwa na vifua. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mi ni tantini yenu, nimefanya kazi ya kine miaka mingi, wale wa kunyoosha magoti ya wagonjwa hospitalini mpaka mgonjwa anakutukana, kwa hiyo mambo ya uzito nayajua hata kama sa hizi kitu kizito ninachobeba ni bido ya maji robine ikikauka.

Tantini, jambo sana. Mi ni kijana wa Majengo, niko na miaka 27. Kochi wetu alikufa mwezi wa tatu, sukari njo ilimumaliza. Alikuwa fundi wa kusude, wa kuunganisha chuma na moto, na nyuma ya atelie yake alikuwa na kauwanja ka kubebea chuma, bare zote, zile fimbo za chuma, na diski zote alizitengeneza na mikono yake. Alitufundisha bure Tantini, bure kabisa, mi nilianza niko na miaka 13 na mpaka anakufa sikumutolea hata franga moja, na hakuna mwenye alimutolea. Ukifika na njaa hakubali uguse chuma, anakutuma ndani, unaletewa mukate na chai, unakula, njo unaanza. Batu ba chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, benye banashusha makala kutoka Kibumba balikuwa banapumzika pale na yeye anabaonyesha namna ya kuinua muzigo bila kuvunja mugongo.

Bazee banasema 2002 volkano ilipoingia mujini alikimbilia Gisenyi na bare moja juu ya chukudu, batu banabeba magodoro na yeye anabeba chuma, balimucheka sana. Ile ya 2021 mi mwenyewe niliona, siku banatuambia tutoke alifunga atelie na chuma yote ndani, akachukua kaye zake tatu tu, zile daftari za kuandika mazoezi yetu, akazifunga ndani ya sashe, akatembea na sisi kwa miguu mpaka Sake.

Zile kaye sasa ziko kwangu. Alinipatia hospitalini, hakusema neno, alizisukuma tu chini ya shuka zikuje upande wangu. Na sisi, batu 14, tuko tunagombana. Bamoja banasema kila mutu alipe dola 5 kwa mwezi, juu mama mujane anasumbuka na kodi ya parsele. Bengine banasema hapana, Kochi alisema bure ni bure, na tena hata mustari moja ya programu yake isiguswe, seri 3 za mara 10, manake unainua mara 10, unapumzika, unarudia mpaka zikuwe tatu, mpaka Yesu arudi. Nifanye nini? Nimekutumia picha za kurasa uone mwandiko wake.
*Mwenye Kaye, Majengo*

Mwanangu Mwenye Kaye, pole sana. Picha zako nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakauma, na jirani alipokuja kuomba chumvi alinikuta nimeinama hivyo akadhani nasoma habari mbaya.

Kuna ukurasa mmoja wa 2014, jina la mtoto umelifunika kwa kidole na umefanya vizuri. Imeandikwa skwati, kuchuchumaa na chuma na kupanda, kilo 31: mara 10, 10, 7. Pembeni: *asubiri*. Wiki inayofuata, 31: 10, 10, 9. *Asubiri*. Wiki ya tatu 31 tena, lakini sasa 10, 9, 8, amerudi nyuma, na pembeni kwa wino mwingine: *baba yake amelazwa, asiongeze*. Wiki mbili hakuna kitu. Halafu 29. Halafu 31: 10, 10, 10, na neno moja tu, *haya*. Na chini yake 33.

Mi nilikwama kwenye hiyo 33. Kutoka 31 kwenda 33 ni kilo 2, manake kilo moja kila upande, manake huyu mzee alikuwa na diski za kilo moja. Wewe umezizoea kwa hiyo huzioni tena, lakini ingia sale nyingine yoyote ya mazoezi hapa mjini uzitafute. Utakuta za 10 na za 20 zimepangwa ukutani kama sahani za harusi, kwa sababu ndo zinapendeza kwenye picha. Sasa mtoto anabeba 30, diski ndogo kuliko zote ni ya kilo 5, akitaka kuongeza lazima zikae mbili, atoke 30 aende 40 kwa mruko mmoja, theluthi nzima ya uzito wake, hata mimi kwenye kazi sijawahi kumwongezea mgonjwa hivyo. Hawezi. Anacheka cheka kwa aibu, anasema leo sikulala vizuri, na wiki inayofuata hayupo. Watu wanasema hana roho ya sipori kumbe amekosa ngazi tu. Mzee wenu alinunua elektrodi kwa pesa yake, akangoja umeme urudi usiku, akakaa chini kukata chuma vipande vidogo vidogo ambavyo mwenye nguvu hana haja navyo hata siku moja. Alivikata kwa ajili ya yule wa mwisho. Ukiniuliza ukarimu wake ulikuwa wapi, nitaanza hapo kabla ya kuhesabu dola ambazo hakuwaomba.

Haya, sasa hao wanaosema mstari usiguswe. Hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu hiyo seri 3 za mara 10 mi naijua inakotoka, tulikaririshwa shuleni na nilifeli swali lake mara ya kwanza. Wakati wa vita vya pili vya dunia kulikuwa na daktari wa jeshi la Marekani anaitwa Thomas DeLorme, alikuwa hospitali ya jeshi ya Gardiner kule Chicago. Wodi zimejaa askari wenye magoti mabovu, na desturi ya wakati ule ilikuwa mazoezi mepesi ya kurudia rudia mara nyingi, mtu anapunga mguu wee mpaka anachoka na nguvu hairudi, vitanda havitoshi. Yeye alipokuwa kijana aliugua ile homa inayoshambulia viungo na moyo, ikamlaza kitandani, na alijijenga tena kwa kubeba chuma, basi akathubutu na askari: anawavalisha kiatu cha chuma mguuni, anaongeza uzito kadiri nguvu inavyorudi. Mwaka 1945 akaandika kwenye jarida la madaktari ili kila mtu aone, seri 7 mpaka 10, kila seri mara 10. Watu wakaanza kufuata. Halafu 1948 huyo huyo, pamoja na mwenzake Arthur Watkins, akarudi akasema ile ilikuwa nyingi mno, seri 3 zinatosha, ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, ya tatu uzito wenyewe kamili.

Umeona? Mwenye kuanzisha alijirekebisha baada ya miaka 3 tu, hakungoja Yesu arudi.

Na Kochi wenu vile vile, kama hao wenzako wangefungua kaye wangeona. Ile ya kwanza, yenye kona zilizoliwa na panya, ukurasa wa 2003: seri 8. Nane! Kaye ya pili zimeshuka mpaka 3. Kwenye kaye ya tatu kuna watu wawili amewaandikia seri 5 za mara 5, na pembeni ya mmoja wao: *mkubwa huyu, 10 zinamchosha bure*. Sijui kama alimsoma DeLorme, labda alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu, ndivyo mambo ya chuma yanavyosafiri, au labda aliona tu kwa macho kwamba vijana wanatambaa kurudi nyumbani. Vyovyote vile alikuwa anafuta na kuandika upya miaka yote hiyo, sasa nyinyi mnataka kumfanya sanamu kama lile la chukudu pale kwenye ronpwe, kwenye mzunguko wa barabara. Mtu anayebaki na seri 3 za mara 10 kwa sababu zinamfaa, sawa. Anayebaki nazo kwa sababu marehemu, huyo hajasoma.

Sasa pesa, na hapa nitakukasirisha kidogo. Umeandika "unaletewa mukate na chai". Unaletewa na nani? Mke wake kwenye barua yako nzima ametokea mara moja tu, na ametokea akiwa mjane mwenye kodi. Mimi nahesabu: miaka 14 kwako peke yako, vijana wangapi kwa siku, mkate, sukari, makala ya kuchemsha chai, na mume ambaye wateja wa kusude wanamngoja mlangoni yeye yuko nyuma anahesabu mara za mtoto wa watu. Hiyo bure yenu ilikuwa na mtu anayeilipa, na hakuwa Kochi peke yake. Kwa hiyo kabla hamjapiga kura ya dola 5 au dola 0, nendeni kwake wote 14, mkae, mumuulize yeye anataka nini. Labda anataka kupangisha atelie kwa fundi mwingine. Ni haki yake, na mtahamisha chuma chenu kwa chukudu kama alivyofanya mwenyewe 2002. Labda atasema bakieni. Akisema bakieni, lipeni, na mlipe uwanja, msiite pesa ya mafundisho. Fanyeni kama likelemba, ule mchezo wa kuchangishana pesa, mmoja anakusanya, na ni huyo mmoja tu anayejua nani ametoa na nani hana, jina la asiyekuwa nayo liandikwe kwenye kaye sawa na la wengine. Kochi alikuwa na kazi ya kusude ya kumlisha, nyie wengi wenu hamna kazi, msijifanye mna mfuko wake.

Na kitu kingine, usiniulize kwa nini kimenikaa moyoni. Hizo picha usizitume kwenye grupu ya WhatsApp. Mle kuna *baba yake amelazwa*, kuna *amelia leo*, kuna mmoja ameandikwa *analala nje, asipewe uzito*. Mtu aliandikiwa hayo na mtu aliyemwamini. Mpe kila mmoja kurasa zake mkononi, akitaka kuzionyesha ataonyesha mwenyewe. Halafu pita Birere ununue kaye ya nne, ile yenye jalada gumu, uanze na yule dhaifu kuliko wote mliye naye sasa hivi, na usiweke nambari bila kuandika kitu pembeni.

Tantini, kochi wa sale yetu huku Himbi anatuuzia poda ya protini, kopo dola 60, anasema bila hiyo tunapoteza muda. Ni kweli?
*Mfuko Mwepesi*

Si kweli. Kula maharage, soya, mayai ukipata, na sambaza, wale samaki wadogo, tena sambaza hao si hata wenyeji wa ziwa letu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na tangu hapo wamejenga vifua vingi Kivu kuliko kopo lolote. Poda ni chakula tu kama kingine, si sumu na si uchawi, ikiwa kopo halijafunguliwa na kujazwa unga wa mhogo. Kinachoniudhi ni kwamba huyo anakuuzia na wakati huo huo ndo anakuambia kama unaendelea au huendelei. Muulize wiki iliyopita ulibeba kilo ngapi. Akikosa jibu, hizo 60 zako nunua kuku.

Tantini, mi ni mama wa batoto bane, Ndosho. Mutoto wangu wa tatu, kijana wa miaka 14, alianza kuenda kubeba chuma kwa papa mumoja jirani, na huyo papa anabafundisha bure. Nilimutuma na franga akazirudisha. Nilimutuma tena akarudisha tena, na siku ile akamupa mutoto maji ya kununua. Mutoto amebadilika, anaamuka mapema, anafua nguo zake mwenyewe, hata kumujibu baba yake vibaya ameacha. Ningefurahi lakini silali. Nani anatoa bure siku hizi? Tena mama mukwe anasema chuma itamubakisha mufupi. Nisaidiye.
*Mama wa Bane*

Mama, huo woga usiuonee haya. Huku kwetu mtu mzima anayekusanya vijana na kuwapa vitu bure, tumeshaona mara ngapi anawapeleka wapi, kwa hiyo mi sitakuambia muamini tu. Nenda ukaone. Nenda siku ambayo hawakutegemei, siyo Jumapili umevaa kitenge kipya, nenda katikati ya wiki na sufuria yako ya viazi, kaa pembeni umenye. Kochi mwenye nia njema hatasumbuka ukikaa, atakuletea kiti na ataendelea na kazi yake, na yule mwenye mambo yake utaona tu mwili wake umebadilika ulipoingia.

Angalia kama uwanja uko wazi watu wanapita au uko nyuma ya mlango. Angalia kama wako wengi au anapenda kubaki na mmoja mmoja. Muulize mtoto, lakini si kama polisi, wakati anafua hizo nguo, kama kuna kitu ameambiwa asikuambie, kwa sababu neno hilo peke yake, usimwambie mama, linatosha kumwondoa pale siku hiyo hiyo hata kama kitu chenyewe ni kidogo. Maji ya kununua hayanitishi. Simu ingenitisha, safari ingenitisha, mazoezi ya usiku yangenitisha, na mtu akianza kuwapa vijana vyeo na majina ya vita hapo mshike mtoto wako mkono umwondoe.

Halafu kuna kitu kimoja ambacho mi hukiangalia kwanza, nilikipata kwa mkubwa wangu mmoja hospitalini nikiwa bado stajere: macho yake yako wapi wakati yule dhaifu kuliko wote anabeba. Wote wanamwangalia mwenye misuli, hata sisi wamama tunamwangalia. Kama macho ya kochi yako kwenye simu, au kwa yule wa misuli, huyo si mbaya lakini hatamsaidia mwanao. Kama amechuchumaa kando ya katoto kanakobeba fimbo ya ufagio na anakaambia kisigino chini, kisigino chini, basi Mama rudi nyumbani ukalale.

Kuhusu urefu, mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba mi nimeshika magoti ya watoto maisha yangu yote na chuma hakimzuii mtoto kukua. Zile ncha za mifupa zinazokua zinaweza kuumia, ndiyo, lakini zinaumia mtoto akianguka kwenye muembe, akigongana mpirani, au akishindana na wenzake nani atabeba kikubwa kuliko wote hakuna mtu mzima anayeangalia. Kwa miaka 14 abebe uzito anaoweza kuuinua mara 10 mpaka 15 huku mgongo umenyooka, ukipinda apunguze, na asijaribu kilo ya mwisho ya nguvu zake kwa sababu ya wasichana wanaopita. Mtoto wa bidoni pale kisimani anabeba zaidi ya hapo kila asubuhi na hakuna bibi anayemlilia urefu.

Na ukishatosheka, acha kumtumia franga huyo papa, unamsumbua. Mtu anayekataa pesa mara nyingi hakatai sabuni. Mpelekee vipande viwili, au uji kwenye termosi kwa wote, si kwa mwanao peke yake.

Tantini, mi nilijulia chuma kambini Bulengo. Kulikuwa na papa mmoja, mkimbizi kama sisi, zamani alikuwa anafundisha jimu shuleni, alikuwa anatukusanya kila asubuhi na mawe ya volkano, anatuhesabia, tulikuwa kama 30. Hakuwa na kitu hata yeye, hema lake lilikuwa linavuja. Kambi ilipovunjwa mwanzoni mwa 2025 kila mtu alishika njia yake, mi nilirudi na mama kwetu upande wa Masisi, yeye sijui alipo, namba yake haipiti. Huku hakuna sale, hakuna chuma, na mawe huku ni mengine. Niko na miaka 19. Naweza kuendelea peke yangu ama niache?
*Wa Bulengo*

Wa Bulengo, usiache. Barua yako nimeisoma mara mbili, na imenikumbusha mtu ambaye nampenda bure tu kwa sababu ya pale alipoanzia. Tommy Kono, mtoto wa California, wazazi wenye asili ya Japani. Vita vya pili vilipoingia serikali ya Marekani ikawazoa watu wenye asili ya Japani wa pwani yote ya magharibi, hata waliozaliwa humo humo, ikawafungia kambini. Kono alipelekwa Tule Lake 1942, ana miaka 12, kijiti cha mtoto chenye pumu. Kule ni kukavu kama jangwa, hewa ile kavu ikamtuliza kifua, na majirani wa kambini, watu waliofungiwa kama yeye, wakamwonyesha namna ya kushika bare. Ni majirani tu. Mwaka 1952 kule Helsinki akachukua dhahabu ya Olimpiki, 1956 Melbourne dhahabu nyingine, 1960 Roma fedha, na rekodi za dunia 26 kwenye madaraja manne tofauti ya uzito, kitu ambacho ukimwambia mtu wa chuma anakaa chini. Alipomaliza kubeba akafundisha, Mexico, Ujerumani Magharibi, kwao Marekani. Alikufa Honolulu 2016.

Sikuambii utaenda Olimpiki, na sitakudanganya kwamba kambi ni kitu kizuri, mama yako angenipiga. Nakuambia tu papa wako wa hema linalovuja alikuwa kazini hasa, na namba isiyopita haifuti alichokuhesabia. Jaribu kuuliza kwa walimu wa shule za upande alikotoka, walimu wanajuana kuliko polisi.

Sasa kazi. Mawe ya volkano yanadanganya, yamejaa matundu, jiwe kubwa kama kichwa linaweza kuwa jepesi kuliko dogo, kwa hiyo hujawahi kujua ulikuwa unabeba ngapi na si kosa la mtu. Huko uliko chukua bido. Lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji mizani, bido ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 na plastiki yake kama kilo moja juu. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, lita moja inafika kilo moja na nusu na zaidi kidogo, bido hiyo hiyo ikijaa mchanga inapita 30, usianze na hiyo. Ya maji nusu nusu usiichezee, maji yanakimbia upande mmoja na kukuvuta kiuno, kwa hiyo kwa uzito mdogo tumia vile vibido vya lita 5 vilivyojaa mpaka kwenye shingo.

Kumbatia bido moja kifuani, miguu upana wa mabega, chuchumaa mpaka mapaja yalale, panda. Mara 10, pumzika mpaka uweze kuongea bila kuhema, rudia, jumla seri 3. Siku hiyo hiyo beba mbili, moja kila mkono, tembea mpaka kwenye mti uliouchagua na urudi umenyooka, mabega nyuma. Pompe, zile za kulala kifudifudi na kujisukuma kwa mikono, unazijua. Mara tatu kwa wiki, na siku za kulima zihesabu pia, kulima Masisi ni mazoezi tosha. Ukifika 10, 10, 10 bila mgongo kupinda, ndo unaongeza, na uongeze kwa kikombe: toa maji kidogo tia mchanga, kikombe kimoja tu kwa wiki, hata kama unajiona simba. Kama hakuna wa kukuhesabia hesabu kwa sauti, ng'ombe hawatajali.

Baada ya miezi miwili hivi utataka bare. Kata mkaratusi mbichi, unene unaojaa mkono, urefu wako na kidogo, utoe magome uuache kivulini ukauke kabisa kabla ya kuninginiza bido kila upande, na ufunge kamba kwenye vijikata vya kisu zisiteleze. Mti ukianza kutoa mlio wa kupasuka, hata kidogo, utupe jikoni kwa mama ukate mwingine.